Kidhibiti Kimoja Kinapoelemewa na Mtandao

SWALI: Ndugu Mhariri, mtandao ninaousimamia unaendeshwa kwa programu, yaani swichi (vifaa vinavyounganisha mashine) husafirisha pakiti (vipande vya data) tu, na maamuzi yote hufanywa na kidhibiti kimoja, programu iliyo kwenye seva. Tangu tuongeze swichi, mawasiliano mapya huchelewa kuanza, ingawa yakishaanza huenda kwa kasi ya kawaida. Je, ninunue seva yenye nguvu zaidi, au niongeze vidhibiti?

JIBU: Maelezo yako ya mwisho ndiyo yanayofichua chanzo. Pakiti ya kwanza inapofika kwenye swichi isiyo na kanuni inayoihusu, yaani agizo la wapi ipelekwe, swichi huuliza kidhibiti, na pakiti zinazofuata hupita kwa kanuni iliyokwisha kuwekwa. Kwa hiyo kinachoelemewa si nyaya wala swichi, bali ni kidhibiti kinachoulizwa kila jambo, dogo kwa kubwa. Mzigo huo hukua kadiri mawasiliano mapya yanavyoongezeka kila sekunde, na seva mpya itakupa nafuu ya muda tu.

Nakushauri upunguze maswali kabla ya kuongeza wa kuyajibu. Weka mapema kanuni za njia unazozijua, tena ziwe kanuni pana zinazojumuisha anwani za kundi zima, badala ya kanuni moja kwa kila jozi ya mashine. Utaokoa pia nafasi, maana kumbukumbu ya TCAM, ambamo swichi hulinganisha pakiti na kanuni, ni ghali, hula umeme mwingi, na katika swichi nyingi hutosha kanuni elfu chache tu. Gharama yake ni kwamba hutaweza tena kuhesabu kila mawasiliano peke yake. Mpango wa DevoFlow, uliochapishwa mwaka 2011, ulilikabili tatizo hili kwa kuiachia swichi mawasiliano madogo na kukipelekea kidhibiti yale makubwa, na mimi naona huo ni mgawanyo wa busara.

Vidhibiti vingi vinawezekana: tangu toleo la 1.2, la mwaka 2011, la OpenFlow, itifaki ambayo kidhibiti hutumia kuwasiliana na swichi, swichi moja yaweza kuunganishwa na vidhibiti kadhaa, kimoja kikiwa kikuu. Ugumu ni kwamba vyote lazima viwe na picha moja ya mtandao. Kimoja kikichelewa kupata habari za njia iliyokatika, pakiti zaweza kuzunguka bila kufika. ONOS, kwa mfano, ambayo ni programu ya vidhibiti, hutunza makubaliano hayo kwa kura ya wengi. Vidhibiti 3 huvumilia kuharibika kwa kimoja, na 5 huvumilia kuharibika kwa viwili, lakini kila badiliko linalohitaji makubaliano husubiri majibu ya walio wengi, na kwa hiyo kuongeza idadi hakuharakishi mabadiliko hayo. Kasi hupatikana kwa kugawa swichi, kila kidhibiti kikihudumia zilizo karibu nacho.

Anza basi kwa kuhesabu maswali yanayotoka kwa kila swichi katika saa zenye shughuli nyingi, kisha uhesabu tena baada ya kuweka kanuni pana. Ikiwa kidhibiti bado kitaelemewa, nenda kwenye vitatu, wala usiishie viwili, kwa sababu kimoja kati ya viwili kikianguka, kilichobaki hakina wingi wa kura wa kuamua.