Daktari amesema mwanangu hana ugonjwa, na tumbo bado linamuuma

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Shehe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Rujewa. Binti yangu wa pili ana miaka saba. Huu ni mwezi wa nne tumbo linamuuma, hapa kwenye kitovu. Anajikunja, analia, baada ya saa moja au mbili linaacha. Amepimwa malaria, choo, mkojo, damu, hadi altrasaundi, vyote safi. Daktari, msichana mdogo tu na si Muislamu, badala ya kuandika dawa akaanza kumuuliza mtoto mambo ya nyumbani na shuleni. Mwisho akaniambia maumivu ni ya kweli ila huenda chanzo chake ni hofu, nirudi baada ya wiki mbili. Niliona ananidharau. Hofu gani, wakati maumivu yanamkamata zaidi Jumamosi na Jumapili asubuhi, siku ambazo hakuna shule? Mama mkwe alisema ni chango, akampa dawa za chango, wapi. Sasa anasema mtoto alilishwa kitu na wifi yangu kwenye harusi. Tulimpigia simu ustadhi mmoja wa tiba, akasema kisichoonekana hospitali ni jini, anataka shilingi 150,000 na kuku mweusi. Baba yake anangoja jibu lako ndiyo atoe hela. Je, nina dhambi kumtilia shaka daktari? Na tumpeleke kwa huyo ustadhi?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Binti yangu, pole. Mtoto akiugua anayekesha ni mama, na mtu aliyekesha miezi minne anaweza kusikia tusi pale alipoulizwa swali tu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nikakwama kwenye sentensi moja ambayo nitaifikia baadaye, na ndiyo iliyonifanya nikujibu wewe kabla ya waliokutangulia.

Kumtilia shaka daktari si dhambi. Daktari si mtume, anapatia na anakosea, na kumtafuta wa pili si kumtukana wa kwanza. Ila lile la kwamba ni msichana mdogo na si Muislamu, litoe kabisa kwenye mizani. Mtume, rehma na amani zimshukie, alipohama Makka, Makureshi walikuwa wameahidi ngamia 100 kwa atakayemkamata. Aliyemwonyesha njia ni Abdullah bin Urayqit, mtu aliyekuwa bado kwenye dini ya Makureshi. Alikabidhiwa ngamia, akaambiwa siri ya pango la Thaur alimojificha Mtume, kwa sababu alikuwa anaijua njia na ni mwaminifu. Wanavyuoni wetu walichukua hapo kuwa asiye Muislamu anategemewa katika fani yake, na utabibu ni katika hizo fani. Imamu Shafi amepokewa akisikitika kwamba Waislamu wameipoteza theluthi ya elimu, yaani tiba, wakawaachia wengine. Sasa tumeiacha, halafu tunawanunia walioisoma!

Nije kwa huyo ustadhi wenu wa simu.

Kauli yake ni fupi: kisichoonekana hospitali ni jini. Naisikia hapa Mbeya sokoni Mwanjelwa, naisikia mpakani Tunduma, naisikia hata misikitini baada ya swala. Majini wapo, uchawi upo, kijicho kipo, hayo hatubishani. Ninachokikataa ni huo mruko wake. Kipimo kikionyesha kitu, ni ugonjwa. Kisipoonyesha, ni jini. Nani kamwambia kwamba Allah ameviumba vitu viwili tu, kinachoonekana kwenye mashine ya hospitali yenu na jini? Mtume amesema Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, na katika mapokezi ya Ibn Masud kwenye Musnad ya Imamu Ahmad kuna nyongeza: anaijua anayeijua, na haijui asiyeijua. Shika hapo. Mtume mwenyewe ametuambia kutakuwa na wasiojua. Mtu kutojua ni mtu kutojua, hakugeuki kuwa shahidi wa jini. Na Qurani imekataza: wala usiyafuate usiyo na ujuzi nayo (17:36). Huyu hajamwona mtoto, hajamgusa tumbo, hajui hata anakula nini, ila anajua bei.

Tena angalia Mtume alivyofanya na tumbo. Yumo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim yule bwana aliyekuja akasema ndugu yangu anaumwa tumbo. Akaambiwa, mnyweshe asali. Akarudi, hajapona. Mnyweshe asali. Akarudi tena, vilevile. Mwisho Mtume akamwambia, Allah amesema kweli na tumbo la ndugu yako limesema uongo, mnyweshe asali. Akamnywesha, akapona. Dawa imekataa mara ya kwanza, imekataa mara ya pili, na Mtume anayepokea wahyi hakusema "basi huyo ana jini, leteni kuku". Alimrudisha kwenye dawa ileile. Daktari wako amesema urudi baada ya wiki mbili, ukaona ameshindwa. Mimi naona amefanya kazi yake, maana kuna maradhi ambayo hayatambuliki mpaka mgonjwa aangaliwe tena na tena.

Na huyo kuku mweusi anachinjwa kwa ajili ya nani? Kama ni sadaka, maskini hajali rangi ya manyoya. Kama ni kwa ajili ya anayedaiwa kukaa tumboni mwa mtoto, hiyo ni shirki iliyovalishwa kanzu, na kuifungulia kwa Bismillahi hakuibadilishi. Na kuna la pili ambalo watu hawalijui. Imepokewa na Abu Daud kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini, yaani akiharibu analipa. Nimewahi kuitwa kwenye janaza ya mtoto wa miaka mitano, hapahapa mkoani, aliyenyweshwa maji ya majani siku tatu mfululizo ili "kitoke". Hakikutoka kitu. Njia hii ikianza hujui inakoishia. Mwaka 2011 tuliona magari yakijaa watu kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu yake. Mwaka 2019 Njombe ilizika watoto waliouawa, na imani za kishirikina zilitajwa.

Kuhusu wifi yako. Amekupikia, mtoto wako amekula harusini pamoja na watoto wa watu mia, na leo ni mchawi kwa sababu altrasaundi ni safi? "Jiepusheni na dhana nyingi" (49:12) imeteremka kwa ajili ya masikio kama ya mama mkwe wako, Allah amsamehe, naye ana uchungu wa mjukuu. Usimuulize mtoto nani amekupa nini. Mtoto wa miaka saba akiulizwa jina, atatoa jina.

Lililokuumiza zaidi ni neno hofu. Umelisikia kama daktari kasema mtoto anajifanya. Lakini umeandika mwenyewe: kasema maumivu ni ya kweli. Soma Surat Yusuf. Nabii Yaqub hakupigwa jiwe jichoni, hakuugua trakoma. Alimlilia mwanawe, "na macho yake yakawa meupe kwa huzuni" (12:84). Huzuni iliharibu jicho la Nabii. Ingekuwa leo wangelipima jicho lake, nani angeiona huzuni kwenye kipimo? Na kama moyo wa mzee Nabii unaweza kulifanyia hivyo jicho, moyo wa mtoto wa darasa la pili unashindwaje kulikaza tumbo? Sisi wenyewe tunasema tumbo joto, na hatumaanishi homa.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Kumtilia shaka daktari na kumtafuta mwingine inaruhusiwa, na pale penye dalili za hatari ni wajibu. Kumpeleka kwa huyo ustadhi kwa sharti lile la kuku ni haramu, na hela msitoe. Kumsomea mtoto kisomo cha sheria ni sunna, na hakuna anayefaa zaidi ya mama: weka mkono wako panapouma, sema Bismillahi mara tatu, kisha mara saba umkinge kwa Allah na uwezo wake na shari ya anachokipata na anachokihofia. Ni katika mafundisho ya Mtume kwa Uthman bin Abil-As, yamo kwa Muslim. Bei yake ni udhu. Wallahu aalam.

Hukumu imeishia hapo. Sasa ile sentensi.

Umesema maumivu yanakuja Jumamosi na Jumapili asubuhi, ukaitumia kumshinda daktari: siku hizo hakuna shule. Binti yangu, Jumamosi na Jumapili asubuhi watoto wetu wanakuwa wapi? Wanakuwa madrasa.

Sisemi ndiyo hiyo. Niko Mbeya, sijamwona mtoto, na nikisema kwa uhakika nitakuwa yule ustadhi wa simu. Lakini nimekuwa mwalimu wa madrasa miaka 19, na nitakwambia nisichopenda kukisema. Fimbo yangu ilikuwa ya mpera, nikiiweka juu ya kabati la misahafu. Fikiria mtoto anainua macho kuutazama msahafu, anakutana na fimbo kwanza. Kulikuwa na kijana mdogo, kila zamu yake ya kusoma ikikaribia anashika tumbo. Nilimwambia shetani anakuzuia na Qurani, nikampiga. Siku moja alifika kwenye Surat al-Adiyat, nikanyanyua tu mkono nijikune shingo, akajikojolea kwenye mkeka mbele ya wenzake. Kesho yake hakuja, wala hakurudi tena. Nilisema wazazi wake wana imani dhaifu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba tumbo lile lilikuwa linasema kweli, na mwalimu ndiye aliyekuwa anasema uongo.

Watu watanitolea hadithi ya swala. Ile ile inasema waamrisheni wakiwa na miaka saba, na kuadhibu kukatajwa wakiwa na kumi, na ni kwa ajili ya swala, si kwa kusahau irabu. Bibi Aisha amesema Mtume hakupiga kitu kwa mkono wake kamwe, si mwanamke wala mtumishi, ila akiwa katika jihadi. Anas alimtumikia miaka kumi akiwa kijana, hakuambiwa hata "ah!" Wa kwako ana saba. Fimbo imefika kwake kwa hoja gani?

Na huenda si fimbo. Huenda ni mtoto mkubwa anayemnyang'anya hela njiani, huenda ni choo cha pale anachokiogopa, akajizuia mpaka choo kikawa kigumu, na choo kigumu peke yake kinatosha kumkunja mtoto. Muulize, lakini usimkalishe kama polisi. Chukua ungo, mchambue mchele pamoja, mikono yake ikiwa na kazi na macho yako yakiwa kwenye mawe, ndipo umuulize madrasa wanafanya nini wakisubiri mwalimu. Akinyamaza, mwache. Rudi siku nyingine na ungo.

Nunua daftari la shilingi mia chache. Kila tumbo likiuma andika saa, alichokula, amepata choo au la, na siku hiyo alikuwa anatarajia kwenda wapi. Mwambie daktari pia kama mtoto anacheza kwenye mifereji ya mpunga, maana huko kwenu wilayani Mbarali maji ni mengi. Daktari ninayeswali naye ameniambia mayai ya kichocho yanaweza kukosekana kwenye choo cha leo yakaonekana cha keshokutwa, kwa hiyo kurudia kipimo si ujinga. Na kuna mambo hayangoji wiki mbili: tumbo likimwamsha usingizini, likihama kitovuni kwenda chini upande wa kulia, likawa gumu, akitapika mfululizo, akiwa na homa, damu kwenye choo, maumivu ya kukojoa, au nguo zikianza kumpwaya. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama mama mkwe hajamaliza kuongea. Ukiona bado moyo haujatulia, omba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto hapa Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 100, lakini lami ipo, na ile 150,000 inatosha nauli na chakula cha njiani.

Jumamosi hii asiende madrasa. Aende baba yake, saa mbili asubuhi, aombe kukaa nyuma kwenye mkeka mpaka watoto watawanyike, wala asiseme amefuata nini. Atakachokiona muandike kwenye daftari, mumpelekee yule daktari siku aliyowapangia. Mkikuta mambo ya fimbo, nipeni ruhusa nimpigie mwalimu mwenyewe, tutaongea mwalimu kwa mwalimu. Na kuku, kama mmeshamnunua, mchinjeni kwa jina la Allah mumle, paja moja umpelekee wifi yako.