Kabla Hujaenda Kumsikiliza Tena Mwimbaji Uliyempenda Zamani

Mtu akisikia kwamba mwimbaji aliyempenda sana ujanani anarudi jukwaani, jambo la kwanza analolifanya ni kufungua albamu zile za zamani na kuzisikiliza mfululizo hadi siku ya onyesho. Mimi nakushauri ufanye kinyume chake. Wiki mbili tatu kabla ya siku hiyo, ziweke kando rekodi za zamani, kisha utafute zilizochukuliwa jukwaani katika miaka ya karibuni kabisa, hata kama ni za shabiki aliyerekodi kwa simu na sauti inakwaruza. Sikio huzoea upesi. Ukiingia ukumbini huku sauti ya miaka ishirini iliyopita ingali inalia kichwani mwako, nusu ya onyesho utaimaliza ukilinganisha, na mtu aliyesimama mbele yako akiimba hutamsikia.

Nayasema haya baada ya kwenda kumsikiliza mwimbaji ambaye nyimbo zake nilizihifadhi neno kwa neno nilipokuwa kijana, kisha miaka mingi ikapita bila kuzigusa. Jina lake silitaji, kwa sababu niliyoyaona kwake nimekwisha kuyaona kwa wengine, na huenda wako pia atakuwa hivyo hivyo.

Sauti itakuwa imebadilika, na ni vizuri kujua kwa nini. Nyuzi za sauti ni misuli iliyofunikwa na utando laini. Umri unaposonga, misuli hiyo hupungua unene, utando hukauka, gegedu (mifupa laini) za zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, huanza kugeuka mfupa, na kifua hakitoi tena pumzi ndefu kama ya zamani. Sauti za wanawake wengi hushuka, hasa baada ya kukoma hedhi, ilhali za wanaume wengi uzeeni huwa nyembamba na kupanda kidogo. Joni Mitchell, mwimbaji na mtunzi kutoka Kanada, alijulikana miaka ya 1960 kwa sauti nyembamba iliyopaa bila shida, lakini mwaka 2000 alipourudia mmojawapo wa nyimbo alizozirekodi mwaka 1969, aliuimba kwa sauti nzito na ya polepole, na wapo wengi, nami nimo, wanaoona kwamba maneno yale yalipata mwenyewe wao siku hiyo. Mwaka 2015 alipatwa na maradhi ya mshipa wa damu ubongoni, ikambidi ajifunze upya hata kutembea. Mwaka 2022 aliketi kwenye jukwaa la tamasha la muziki la Newport, Marekani, akiwa na umri wa miaka 78, akaimba.

Kwa sababu hiyo bendi nyingi hushusha ufunguo wa nyimbo za zamani, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima huimbwa, kwa nusu toni, kwa toni nzima, au hata zaidi. Wimbo ulioushiba tangu utotoni utausikia umekuwa mzito na wenye kiza kidogo, nawe unaweza kudhani kwamba wapigaji wamechoka. Hawajachoka, wamemfuata mwenye wimbo mahali alipo.

Jioni ile nilikaa karibu kiasi cha kumwona mdomo. Ilipokaribia nota ya juu ya kiitikio, ile ambayo ukumbi mzima ulikuwa ukiisubiri, aliisogeza maikrofoni mbali kidogo na midomo, akamgeukia mwitikiaji wa kushoto kwake, na binti yule akaichukua nota hiyo huku yeye mwenyewe akipita chini yake kwa sauti tulivu iliyokaa sawasawa. Hakuficha, alimnyoshea mkono binti ili watu waone ni nani anayeimba. Watu wa safu ya nyuma yangu waliguna kwa masikitiko, lakini kwangu ule ulikuwa ufundi ambao kijana wa miaka 25 hana, wa kujua hasa pumzi yako inaishia wapi na kuupanga wimbo usife hapo.

Ninalolisisitiza kuliko yote, hata hivyo, linahusu nyimbo mpya. Mwimbaji akitangaza wimbo wa albamu mpya, watu huinuka kwenda msalani, wengine hufungua simu zao. Wewe kaa. Nyimbo za zamani zilitungwa kwa ajili ya koo ambalo halipo tena, na kila anapoziimba analazimika kuafikiana nazo, ilhali nyimbo mpya zimetungwa kwa sauti aliyonayo sasa, katika ufunguo unaomfaa na kwa mishororo inayolingana na pumzi yake. Katika wimbo mmoja mpya waitikiaji walinyamaza kabisa, likabaki gitaa peke yake, na kwa mara ya kwanza usiku ule hakuhitaji msaada wa mtu yeyote. Aliimba macho yakiwa wazi, akiwatazama watu. Ukitaka kujua kama mwimbaji wako bado ni msanii, jibu liko hapo.

Ukipenda kuimba naye nyimbo za zamani, imba, lakini mwache akutangulie. Wakongwe wengi huchelewesha mshororo au kuubadilisha kabisa, na Bob Dylan, mwimbaji mkongwe wa Marekani, amezigeuza nyimbo zake jukwaani kwa miongo kadhaa. Anayeng'ang'ania kuimba kama ilivyo kwenye rekodi huishia kuwaimbia majirani zake wimbo mwingine.

Jambo moja silivumilii. Bendi kutumia rekodi kwa ajili ya vinanda vya nyuma au kwaya kubwa ni kawaida, lakini mwimbaji anapochezesha midomo tu kufuata rekodi ya sauti yake mwenyewe ya zamani, hapo umelipia bure. Afadhali sauti iliyopasuka iliyo yake ya leo. Rekodi za karibuni nilizozitaja zitakuonyesha hilo mapema, na zikikuonyesha mtu mgonjwa anayesahau maneno na kushikiliwa asianguke, huna wajibu wowote wa kwenda kumtazama akiteseka.

Chukua viziba masikio. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 unaotaka wastani wa kelele kwenye kumbi za muziki usizidi desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini si kila ukumbi unaoufuata. Na yapo masikio yako ya kufikiria pia, maana nayo yamezeeka. Uwezo wa kusikia sauti za juu ndio unaoanza kupungua, kwa hiyo sehemu ya mng'aro unaodhani mwimbaji ameupoteza huenda imepotea upande wako. Ongeza kwamba nyimbo tulizozisikia tangu balehe hadi miaka ya ishirini na kitu ndizo zinazotukaa kumbukumbuni kuliko za umri mwingine wowote, na utaona jinsi kazi aliyopewa mtu yule pale jukwaani ilivyo nzito: anashindanishwa na sauti uliyoisikia kwa masikio mengine, katika umri ambao kila kitu kilikugusa.

Ukiweza, nenda na mtu asiye na historia yoyote na mwimbaji huyo. Atakuambia alichokisikia, si alichokikumbuka, na mazungumzo yenu mkirudi yatakuwa na faida kubwa zaidi kuliko ya mashabiki wawili wanaohesabu nota zilizokosekana.

Usiku huo usifungue albamu ya zamani. Iache siku kadhaa, uanze na ile mpya, hasa nyimbo ambazo watu walipiga kelele zilipokuwa zikiimbwa, kwa sababu maneno mengi yatakuwa yamekupita. Mimi nilihitaji kuusikiliza mara kadhaa ule wimbo wa gitaa peke yake ndipo nilipoukamata ubeti wake wa mwisho, na sasa ndio ninaoanza nao kila ninapomsikiliza.