Kabla Hujamwita Gwiji, Uliza Alipima Kilo Ngapi

Tarehe 7 Novemba 1988, jijini Las Vegas, bondia Sugar Ray Leonard alipigana pambano moja akashuka ulingoni na mikanda miwili ya dunia ya uzani tofauti, yote ya WBC, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa ngumi. Mmoja wa super middle, mwingine wa light heavy. Rekodi inamwandika bingwa wa dunia katika madaraja matano ya uzani, na vijiweni mtu akishataja hayo matano anaona mjadala umekwisha.

Haujaisha. Bingwa wa light heavy usiku ule alikuwa Donny Lalonde, na uzani huo unaishia kilo 79.4. Mkataba ulimtaka Lalonde ashuke mpaka kilo 76.2, kikomo cha super middle, ndipo ikawezekana mikanda yote miwili kugombewa kwa mpigo. Bingwa akatetea mkanda wake nje ya uzani wake, akasimamishwa raundi ya tisa, yaani mwamuzi akakatisha pambano.

Leonard ni gwiji, sibishani na mtu hapo. Ila ukiniomba ushahidi nitakupeleka Juni 1981, Houston, alipopanda kumfuata Mganda Ayub Kalule, bingwa wa WBA wa super welter ambaye hakuwa amepoteza pambano hata moja. Alimkuta kwenye uzani wa Kalule mwenyewe na kumsimamisha. Ule mkanda mmoja kwangu una thamani kuliko hii miwili ya Lalonde.

Nimeishi kwenye gym za ngumi tangu ujana, kwanza nikipigana ridhaa, siku hizi nakaa kona za vijana. Ushauri wangu kwa mashabiki na kwa mabondia wachanga unatokea sehemu moja, kwenye kupima uzito na afya. Pale ndipo mapambano mengi huamuliwa, na kamera zikionyesha hapo zinaonyesha watu wawili wakitunishiana misuli tu.

Kwanza, acha kuhesabu mikanda. Zamani madaraja ya uzani yalikuwa nane. Leo ni 17, ukiacha lile la bridger lililozuka juzi, na mashirika makubwa yanayotoa mikanda ni manne: WBA, WBC, IBF na WBO. Piga hesabu mwenyewe uone kuna viti vingapi vya ubingwa, na hapo sijagusa mikanda ya ziada, ile ya muda na ile ya "super". Kati ya daraja moja na linalofuata, hasa huku chini, tofauti inaweza kuwa kilo moja na nusu. Henry Armstrong mwaka 1938 alishika kwa wakati mmoja ubingwa wa feather, light na welter, madaraja matatu kati ya yale nane, na kutoka la kwanza hadi la tatu ni zaidi ya kilo tisa. Leo safari hiyo ina vituo katikati, na kila kituo kina mikanda minne.

La pili ni saa ya kupima. Kwa miaka mingi mabondia walipima asubuhi ya pambano na kupigana usiku uleule. Mtu aliyejikausha kupita kiasi, yaani kutoa maji mwilini ili apungue kilo, alilipia palepale. Kuanzia miaka ya 1980 upimaji ukahamia siku moja kabla, kwa nia njema ya kumpa bondia nafasi ya kula na kunywa. Matokeo yake, mtu akapata saa 24 au zaidi za kurudisha alichokitoa, na wajanja wakaanza kujipangia kushuka madaraja mawili chini ya miili yao. Tangu hapo jina la daraja linakuambia bondia alikuwa na kilo ngapi kwa dakika chache za mchana wa jana.

Mfano wa Arturo Gatti na Joey Gamache huwa nautoa kwa kila kijana anayeniambia kupima uzito ni utaratibu tu. Februari 2000, Madison Square Garden, walikubaliana wasizidi kilo 64. Gatti akatangazwa yuko ndani ya uzani, ingawa upande wa Gamache ulipinga namna alivyopimwa. Usiku wa pambano mizani ya televisheni ya HBO, ambayo haikuwa rasmi, ilimkuta Gatti na kilo 72.6. Gamache alikuwa na karibu 66. Raundi ya pili Gamache akaanguka vibaya, akaumia ubongo, hakupigana tena. Alishtaki, na miaka kumi baadaye jaji akasema kamisheni ya ngumi ya New York ilizembea katika upimaji ule, lakini fidia hakupewa. Ukitazama rekodi ya Gatti leo utaona KO ya raundi ya pili, imeandikwa kama nyingine zote.

Kwa hiyo ukitaka kumpima bondia, tafuta kilo za usiku wa pambano. Si kila mara zinatangazwa, lakini luninga nyingi huzitaja, na IBF kwa mapambano yake ya ubingwa hupima tena asubuhi ya siku ya pambano ili mtu asizidi kilo 4.5 juu ya uzani.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Manny Pacquiao, kwa sababu kwake utakuta kila aina ya usiku. Mwaka 1999 alikuwa bingwa wa fly, akashindwa kufikisha uzani, mkanda ukamponyoka mizanini, na kesho yake Medgoen Singsurat akamwangusha raundi ya tatu kwa ngumi ya mwili. Mwili uliokauka haubebi ngumi za mbavu, na mimi huwa nasema ule usiku ndio uliomfungulia njia, maana alipopanda hakurudi tena fly. Desemba 2008 akamkuta Oscar De La Hoya, mtu aliyezoea uzani wa juu, akiwa ameshushwa mpaka welter. De La Hoya alikuja amekwisha, na usiku ule Pacquiao, aliyedhaniwa mdogo, ndiye aliyekuwa mzito zaidi. Ushindi ule ulimpa jina dunia nzima, ila mimi naupa alama za wastani. Novemba 2009 Miguel Cotto, bingwa wa welter wa WBO, alibanwa aje karibu kilo moja chini ya kikomo. Alama nzuri, zenye doa. Novemba 2010 kwa Antonio Margarito, mkanda wa super welter uligombewa chini ya kikomo chake, jambo ambalo silipendi, lakini usiku wenyewe Pacquiao alipanda na kilo 67 na Margarito karibu 75. Akampiga raundi zote 12. Hapo navua kofia, mkanda uwe halali usiwe halali.

Ona sasa: bondia mmoja, na kila usiku una hukumu yake. Anayekuambia Pacquiao alikuwa bingwa wa "madaraja manane" akanyamaza amekupa nambari bila habari.

Kuna pia usiku ambao aliyeshindwa ndiye unayepaswa kumkumbuka. John Mugabi wa Uganda, yule "The Beast", alikuwa akivuma zaidi kwenye super welter. Machi 1986 akapanda middle kumfuata Marvin Hagler, akiwa hajapoteza pambano na wote aliokutana nao amewamaliza kwa KO. Akala kichapo, akatoa kichapo, akaenda chini raundi ya 11. Mwaka 1989 akaja kupata mkanda wa WBC wa super welter baada ya René Jacquot kuteguka kifundo cha mguu raundi ya kwanza. Rekodi inasema 1989 ndio mwaka wake wa ubingwa. Mimi nikimtaja Mugabi kwa vijana huwawekea pambano la Hagler.

Siku hizi ujanja umehamia kwenye mkataba, na shabiki asiyesoma vifungu anaachwa nje ya mchezo. Kipo kifungu kinachomkataza bondia kuongezeka kupita kilo fulani asubuhi ya pambano. Kwa sura ni kifungu cha usalama, na pengine ni kweli. Lakini mara nyingi hudaiwa na upande wenye jina kubwa au pesa kubwa ili mpinzani abaki mkavu. Gervonta Davis na Ryan Garcia walikuwa nacho Aprili 2023. Chris Eubank Jr na Conor Benn nao Aprili 2025, London: Eubank akazidi kikomo cha middle kwa gramu zisizofika 25, akalipa faini ya pauni 375,000, kisha akabanwa asizidi kilo 77.1 asubuhi iliyofuata. Alishinda kwa pointi na akapelekwa hospitali. Niliangalia pambano lile nikiwa na hofu zaidi ya furaha, maana nilijua alikotoka mchana wa jana yake.

Na kuna upande wa pili, anayeamua tu kutoshusha. Aprili 2024 Ryan Garcia alikuja kwa Devin Haney amezidi kilo moja na nusu, akamwangusha mara tatu na kutangazwa mshindi. Baadaye vipimo vikamkuta na ostarine, dawa iliyokatazwa michezoni, pambano likafutwa kuwa halina mshindi. Hata kabla ya dawa, mimi nilikuwa nimeshaweka alama ya shaka pembeni ya ushindi ule. Haney alikuwa amejikamua mpaka tone la mwisho, mwenzake hakujisumbua.

Ukitaka kuona upandaji safi wa zama hizi, Terence Crawford. Alikusanya mikanda yote minne kwenye super light mwaka 2017 kwa kummaliza Julius Indongo wa Namibia, akafanya hivyo tena welter mwaka 2023, halafu Septemba 2025 akatoka super welter mpaka super middle, akamkuta Canelo Álvarez kwenye kilo za Canelo bila kuomba apunguziwe. Akashinda. Mwanamume wa kwanza kukusanya yote katika madaraja matatu tangu mikanda iwe minne.

Sasa niwageukie wadogo zangu mnaopigana, maana nyie mnatazama hao wakubwa wakishuka kilo nane kwa wiki na kudhani ndio weledi. Wale wana daktari, mpishi na mtu wa kuwaangalia usiku wamelala. Wewe una nailoni ndani ya sweta, jua la saa saba na bigijii ya kukutoa mate uteme kwenye chupa. Nimewashika mkono vijana wakipanda mizani huku midomo imepasuka. Wanapita uzani, watu wanashangilia, kesho raundi ya tatu miguu haipo na mashabiki wao wanasema kijana hana pumzi. Pumzi alikuwa nayo, alikosa maji. Damu imekuwa nzito, moyo unahangaika, na ubongo unakaa vibaya zaidi kwa makonde ya kichwa. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha, na hao hawakuwa wamepigwa ngumi yoyote.

Ninachowafanyia wangu ni hiki. Tunapima kila asubuhi mwaka mzima, hata kama hakuna pambano, ili kijana ajue kilo zake za kawaida. Pambano likija, kilo za kushusha zinatoka kwenye sahani wiki nyingi kabla: ugali unapungua, soda na chipsi zinakufa, maji yanabaki palepale. Siku mbili za mwisho napunguza chumvi tu. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mazoezi yanasimama na mwalimu mwingine asiingilie. Baada ya mizani tunaanza na maji yenye chumvi na sukari, ORS ya dukani inatosha, au madafu na chumvi kidogo, kidogo kidogo kwa masaa, kisha wali au viazi. Wanaokimbilia pilau na nyama choma palepale hutapika usiku.

Kwa simu zile za "kuna pambano nje, wiki ijayo, tiketi tayari", swali la kwanza liwe kilo, pesa baadaye. Wanaotupigia wanajua hatuna muda wa kushuka taratibu, na wakati mwingine ndiyo sababu wametupigia. Mtajie promota kilo unayoweza kufika ukiwa unakunywa maji. Akisema haiwezekani, mwambie amtafute mwingine, na umpigie simu huyo mwingine ukimjua, umwambie ulichoulizwa.