Maswali ya Wasomaji: Nitajuaje kama pingili zangu zimeungana?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 52. Miezi 4 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili mbili za kiunoni, nikawekewa skrubu 4 na vyuma 2 vya kuzishikilia. Katika wiki ya 6 nilipigwa eksirei, nikaambiwa vyuma viko mahali pake. Juzi nimepigwa nyingine, na karatasi ya majibu imeandikwa kwamba mfupa haujaungana kikamilifu. Maumivu yaliyokuwa yakishuka mguuni yamekwisha, lakini kiuno bado kinauma nikikaa muda mrefu. Ndugu yangu ananishinikiza nikapime MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, kwa sababu amesikia kuwa ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Je, upasuaji wangu umeshindikana? Na nipime kipi?

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: maneno «haujaungana kikamilifu» katika mwezi wa 4 si hukumu. Skrubu na vyuma ulivyowekewa havikuunganisha chochote. Kazi yake ni kuzituliza pingili zisichezecheze, wakati mfupa uliopandikizwa unaendelea kuota na kujenga daraja kutoka pingili moja hadi nyingine. Ujenzi huo huchukua miezi 6 hadi 12, na kwa baadhi ya watu huendelea hata baada ya mwaka. Aliyeandika majibu yako ameeleza alichokiona siku hiyo, na pengine angeandika vivyo hivyo kwa wagonjwa wengi walio katika mwezi wa 4 na ambao baadaye hupona vizuri kabisa.

Kuhusu ukubwa wa vipimo, naomba tuliache neno hilo, kwa maana limewagharimu wagonjwa wengi muda na fedha bila sababu. Kila mashine huona kitu chake. Swali la kumwuliza daktari wako ni hili: tunatafuta nini? Mfupa uliounganika, chuma kilicholegea, au mshipa wa fahamu unaobanwa? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua kipimo.

Eksirei ndiyo inayotangulia, na haipaswi kudharauliwa kwa kuwa ni ya kawaida. Picha ya mbele na ya ubavuni huonyesha kama pingili zimekaa katika mstari wake, kama kijikasha kilichowekwa mahali pa diski (mto laini ulio kati ya pingili) kimedidimia ndani ya mfupa, na kama kuna skrubu iliyovunjika. Daktari anayeitazama picha yako hukodolea macho kandokando ya kila skrubu. Chuma huonekana cheupe kabisa, na mfupa wenye afya hukigusa moja kwa moja. Pakijitokeza utepe mweusi unaoizunguka skrubu, mithili ya shimo la msumari uliotikiswa ukutani hadi likapanuka, hapo pana dalili kwamba skrubu inacheza, na skrubu huendelea kucheza pale ambapo pingili zenyewe bado zinatembea. Kwa sababu hiyo picha ya wiki ya 6 ina thamani kubwa hata kama haikuonyesha mfupa mpya: ndiyo kipimo cha kulinganishia picha zote zitakazofuata. Usiiache nyumbani. Ripoti inayosema «hakuna mabadiliko» haina maana kama aliyeiandika hakuwa na picha ya awali mbele yake.

Ipo pia eksirei ya kuinama, ambayo mgonjwa hupigwa picha moja akiwa ameinama mbele na nyingine akiwa amejipinda nyuma, kisha hupimwa ni kwa nyuzi ngapi pingili zilizounganishwa zimesogea kati ya picha hizo mbili. Kwa kiuno, madaktari wengi hutaka msogeo uwe chini ya nyuzi 5. Kipimo hiki ni kizuri, ila kina mitego miwili. Mgonjwa anayeogopa maumivu huinama kidogo tu, na pingili zake zikaonekana zimetulia kumbe hazikupewa nafasi ya kusogea. Mtego wa pili ni vyuma vyenyewe: vikiwa bado imara, huweza kuzizuia pingili zisisogee hata kama mfupa katikati yake haujaungana. Basi pingili zikisogea, hilo ni jambo la kutiliwa maanani. Zisiposogea, bado hatujathibitisha kwamba mfupa umeungana.

Daktari anapohitaji kuuona mfupa wenyewe, kipimo kinachotegemewa zaidi ni CT, ambayo nayo hutumia mionzi ya eksirei. Mashine hii hukata picha nyembamba nyembamba, kisha kompyuta huzipanga upya ili mtaalamu wa radiolojia aweze kuutazama mgongo kwa ubavu na kwa mbele, akifuatisha mfupa mpya kutoka pingili ya juu hadi ya chini. Anachokitafuta ni daraja lisilokatika. Akikuta ufa mweusi unaolikata daraja hilo kutoka ukingo hadi ukingo, na muda wa kutosha umekwisha kupita, ndipo huandika kwamba huenda mfupa umeshindwa kuungana. Vyuma huleta michirizi inayochafua picha, lakini mashine za kisasa zina njia za kuipunguza, na titani huchafua kidogo kuliko chuma cha pua.

Mbona basi usipigwe CT kila baada ya miezi 2? Sababu ya kwanza ni mionzi. CT ya mgongo huweza kumpa mgonjwa milisiverti 5 hadi 10 (milisiverti ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini), wakati binadamu hupokea wastani wa takribani milisiverti 2.4 kwa mwaka mzima kutoka kwenye ardhi, anga na vyakula. Kipimo kimoja chenye sababu hakipaswi kumtisha mtu, lakini kurudiarudia bila sababu ni jambo la kuepukwa, na mwanamke anayedhani huenda ana mimba aseme kabla hajaingia chumbani. Sababu ya pili ni kwamba CT ya mapema huonyesha mfupa ambao haujamaliza kazi yake, na majibu yake huzaa wasiwasi wa aina ile ile uliokufanya uandike barua hii. Kwa mtu anayeendelea vizuri, madaktari wengi huiahirisha mpaka kati ya mwezi wa 6 na wa 12, na wengine hawaiagizi kabisa endapo maumivu yamekwisha na eksirei haina kasoro.

MRI anayoisema ndugu yako ni hodari kwa vitu laini: mishipa ya fahamu, diski, maji, damu iliyovilia na usaha. Kwa daraja la mfupa haifui dafu mbele ya CT. Ingekuwa maumivu ya mguu yamerudi, au mguu umepata ganzi au udhaifu mpya, ningekuwa wa kwanza kukushauri ukaipime. Kwa jinsi ulivyojieleza, mshipa uliokuwa umebanwa umepata nafuu, kwa hiyo MRI ingejibu swali ambalo hujauliza.

Nakushauri urudi kwa daktari aliyekupasua ukiwa na picha zote mbili, umwombe azilinganishe mbele yako. Maumivu ya kiuno ya kukaa muda mrefu katika mwezi wa 4 mara nyingi hutokana na misuli iliyokatwa na kudhoofika. Hata hivyo, kama yanaongezeka wiki baada ya wiki badala ya kupungua, mwambie waziwazi. Picha na mgonjwa hawakubaliani kila mara: wapo ambao mfupa wao haukuungana na hawasikii maumivu yoyote, na wapo wenye daraja imara ambao bado wanaumwa. Daktari mwangalifu hampasui mtu mara ya pili kwa sababu ya picha peke yake.

Kama unavuta sigara, acha sasa, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayoulisha mfupa mpya. Uliza pia kuhusu dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo baadhi ya madaktari hupendelea zisitumiwe kwa muda mrefu katika kipindi cha kuunga mfupa.

Swali: Mimi nina vyuma mgongoni tangu mwaka 2019. Nimeandikiwa MRI ya goti, lakini naogopa sumaku itavivuta. Je, niikatae?

Jibu: Usiikatae. Skrubu na vyuma vya mgongoni siku hizi hutengenezwa zaidi kwa titani, ambayo haivutwi na sumaku kama msumari wa chuma unavyovutwa. Shida ya vyuma hivyo ni kivuli cheusi kinachofunika sehemu iliyo karibu navyo, na goti liko mbali. Jambo la lazima ni kumweleza mhudumu wa mashine kabla hujalala kitandani: ulipasuliwa mwaka gani, uliwekewa nini, na kama una kadi au barua ya hospitali uionyeshe. Taja pia kifaa chochote kingine mwilini, hasa betri ya kuendesha mapigo ya moyo au kifaa cha kuchangamsha mishipa ya fahamu, kwa kuwa hivyo vina masharti yake na baadhi haviruhusiwi. Ukihisi joto au kuvutwa popote mwilini ukiwa ndani, bonyeza kitufe ulichopewa mkononi.

Swali: Mama yangu alifanyiwa upasuaji kama huo wiki 3 zilizopita. Tangu jana ana homa, kidonda kinatoa maji, na leo asubuhi ameshindwa kukojoa. Tusubiri eksirei yake ya wiki ya 6?

Jibu: Msisubiri. Tumekujibu kwa simu siku ile ile tulipopokea ujumbe wako, na tunalichapisha swali hili kwa ajili ya wengine. Homa pamoja na kidonda kinachotoa maji huashiria maambukizi; kushindwa kukojoa, kutojizuia haja kubwa, ganzi sehemu za siri au miguu kuishiwa nguvu huashiria kwamba mishipa ya fahamu inabanwa, pengine na damu iliyovilia au usaha. Hapo ndipo MRI inapohitajika kwa dharura, pamoja na vipimo vya damu vya kutafuta maambukizi, na mgonjwa hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Chukueni karatasi zote za upasuaji na orodha ya dawa anazotumia, na asile wala asinywe chochote njiani, kwa kuwa huenda akahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji.