Ukiolewa na Mpemba Malindi, usikubali mumeo aitwe Mdigo

Nawaandikia hasa wanawake wa huku Malindi na Watamu mlioolewa katika jamaa za Kipemba, watu wenye asili ya kisiwa cha Pemba, Zanzibar, ambao kwa miaka mingi hawakutambuliwa kuwa Wakenya, maana nami nimo humo.

Watu wanaowapenda watawapa ushauri huu: mumeo aseme ni Mdigo au Mbajuni, makabila ya pwani yanayotambuliwa tayari, apate kitambulisho, yaishe. Msikubali. Najua unakotoka ushauri huo. Mume wangu alikuwa akivua changu na kolekole, mchuuzi akimlipa kwa M-Pesa, na pesa zikiingia kwenye laini ya jirani kwa sababu yeye hakuwa na kitambulisho cha kusajilia yake. Jirani akibanwa na shida anachota, anasema amekopa. Utamshtaki wapi? Mtu akiishi hivyo, uongo wa kabila huonekana nafuu. Lakini kudanganya ili upate kitambulisho ni kosa la jinai, na chenyewe chaweza kufutwa siku yoyote. Isitoshe, kila Mpemba anayejiandikisha kuwa Mdigo anaipa serikali sababu ya kusema Wapemba hawapo.

Na kweli walisahauliwa. Sheria ya Uraia ya 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na uraia wa nchi yoyote, mradi wawe wameishi Kenya tangu 12 Desemba 1963. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa 12 Januari 1964. Waliokimbia Mapinduzi wakaachwa nje kwa mwezi mmoja tu! Ilibidi kungoja hadi Julai 2023 ndipo Wapemba wakatambuliwa kuwa kabila mojawapo la Kenya, kwa jina lao wenyewe. Mume wangu ana kitambulisho chake sasa, na hakubadilisha hata jina la babu yake.

Watoto msiwangojeshe baba yao apate karatasi. Kwa kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010, mzazi mmoja akiwa raia, mtoto ni raia wa kuzaliwa. Mama, uraia wako unatosha. Msajili mtoto kabla hajatimiza miezi sita, maana baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa na safari haziishi. Kadi ya kliniki itunzeni pamoja na cheti cha ndoa cha kadhi. Karani aking'ang'ania kitambulisho cha baba, mtajie kifungu kwa adabu, kisha omba kuonana na mkubwa wake. Kwa mume ambaye bado hana uraia, ndoa ikifika miaka 7 ana haki ya kuomba kusajiliwa, na bila cheti hiyo miaka hamtaweza kuithibitisha.

Nanyi majirani wa mume wangu, nina neno. Mnaosema Wapemba wanatumalizia samaki mnachanganya wavuvi wa dago, wanaokuja na kaskazi kisha wakarudi kwao, na watu waliozika wazee wao hapa. Juya, yaani wavu wa kukokota, ni haramu tangu 2001, na mwenye kulivuta apelekwe BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, awe Mpemba au Mgiriama. Ugomvi wa bahari msiupeleke kwa chifu siku anapowahoji kuhusu mwombaji kitambulisho na kuuliza, "Huyu mnamjua?" Harusi yetu mlikula. Nyumba aliyozaliwa mnaijua, na mkunga aliyemzalisha mama yake mnamjua. Mkiitwa kwa ajili ya shemeji zangu waliobaki bila kitambulisho, nendeni mkaseme.