Mchoro wa AutoCAD ndani ya ripoti ya Word ujisasishe: ninavyofanya mimi

Mwenzetu wa Kakamega anauliza afanyeje ili mchoro wa AutoCAD ulio ndani ya ripoti ya Word ubadilike wenyewe kila anapourekebisha. Amejaribu kunakili na kubandika, lakini mchoro umeganda vile vile.

Umeganda kwa sababu Ctrl+C na Ctrl+V hutia nakala ndani ya ripoti, na nakala hiyo haina habari tena na faili ilikotoka. Unachohitaji ni kiungo. Hifadhi mchoro kwanza, andika COPYLINK kwenye mstari wa amri, kisha nenda Word ufungue Paste Special, uchague Paste link na AutoCAD Drawing Object. COPYLINK haikuulizi uteue mistari ipi. Inabeba mwonekano wote ulio kwenye skrini na kuupa jina kama OLE1. Kwa hiyo vuta karibu sehemu unayoitaka na uzime leya (tabaka za mchoro) zisizohusika mapema. Ukimaliza hifadhi mchoro tena, maana jina hilo la mwonekano linakaa ndani ya faili ya mchoro. Usuli mweusi? Badilisha rangi ya skrini iwe nyeupe, au chukua kutoka kwenye layout, ule ukurasa wa kuchapishia ndani ya AutoCAD, ambako karatasi ni nyeupe tayari.

Sasa kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Mimi niko Kisumu, na kazi zetu nyingi ni makalavati na mitaro uwanda wa Kano, kule Ahero na Nyando, kwenye ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha. Mhandisi anaenda kuona mto umejaa, anarudi anasema bomba la milimita 600 liwe 900. Mchoro unabadilika, kiungo kinafanya kazi yake vizuri, lakini aya iliyo chini ya mchoro bado inasema 600, kwa sababu uliiandika kwa mkono. Kiungo kinasasisha picha tu. Mkaguzi akiona namba mbili kwenye ukurasa mmoja, ripoti inarudi, na sitamlaumu.

Tatizo la pili ni njia ya faili. Word inakumbuka anwani nzima, pamoja na herufi ya diski. Ukifanyia kazi kwenye flashi iliyosomeka E: ofisini, halafu nyumbani ikasomeka F:, kiungo kimekatika. Fungua File, Info, kisha Edit Links to Files, ubofye Change Source uielekeze upya. Papo hapo utaona Automatic na Manual. Mimi huweka Manual: faili ikiwa nzito, sitaki Word ianze kuhangaika na kila mchoro ninapofungua ripoti kusahihisha koma. Nikitaka mpya nabofya Update Now.

Halafu kuna karani wetu anayechapa ripoti. Kompyuta yake haina AutoCAD, kwa hiyo viungo vya DWG, yaani faili za michoro ya AutoCAD, kwake haviwezi kusasishwa. Ripoti ikishapita mikono ya watu kadhaa, naachana na DWG kabisa. Natoa layout kuwa picha ya PNG kwa PublishToWeb PNG.pc3, ambayo unaichagua kama printa ndani ya AutoCAD, jina lile lile, folda ile ile, nikiandika juu ya ile ya zamani. Ndani ya Word naingiza picha, lakini badala ya kubofya Insert moja kwa moja nabofya kimshale kilicho pembeni yake na kuchagua Insert and Link. Usichague Link to File: hiyo haiachi picha ndani ya hati, na ukiituma, mwenzako anaona kisanduku kitupu. Ni kweli lazima utoe PNG upya kila unapobadilisha mchoro, kwa hiyo si otomatiki kamili. Pia chagua ukubwa wa picha wa kutosha, la sivyo mistari myembamba na vipimo havisomeki vikichapishwa. Kwangu bado ni nafuu kuliko kumweleza mtu kwa simu kwa nini mchoro wake haufunguki.

Ripoti ikiwa tayari kwenda kwa mteja au kaunti, hifadhi nakala yenye jina jingine, ingia Edit Links to Files, chagua viungo vyote na ubofye Break Link, ndipo uitoe PDF. Ile yenye viungo hai ibaki kwako, maana marekebisho yatakuja tu.