Jiwe likitoa povu, usikimbilie kusema ni la bahari

Vijana mnaoanza jiolojia hapa Mbeya, karibuni. Mna bahati wasiyo nayo wenzenu wengi: mwendo mfupi tu kutoka mjini kuna mawe ya aina mbili yanayotoa povu yakidondoshewa asidi, na hakuna hata moja lililotoka baharini.

La kwanza ni chokaa ya Songwe, ile inayotengenezewa saruji. Iliachwa na chemchemi za maji moto. Ukiivunja unakuta tabaka nyembamba na vitundu vingi. La pili ni kabonataiti ya kilima cha Panda, jiwe lililotokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Humo tafuteni chembe nyeusi za magnetaiti, zinazovutwa na sumaku. Povu linathibitisha kalsaiti tu, madini yanayounda chokaa. Umri na asili ya jiwe lazima mvitafute wenyewe.

Chokaa ya bahari ya kipindi cha Jurasiki, miaka milioni 201 hadi 145 iliyopita, mtaifuata mashariki, kwa sababu Gondwana, bara kubwa la kale, ilipopasuka bahari iliingilia upande ule. Mapango ya Amboni, Tanga, yamechongwa na maji ndani ya chokaa hiyo. Ile ya Kidugallo, Morogoro, ina punje ndogo za mviringo, zinazojengeka pale maji ya bahari ya kina kifupi yanapozibiringisha.

Mkifika, nyundo ikae kwanza. Visukuku, mabaki ya viumbe wa kale ndani ya mawe, huonekana vizuri zaidi kwenye uso uliolika kwa mvua kuliko kwenye mpasuko mpya. Lowesha jiwe, weka lenzi karibu kabisa na jicho, kisha sogeza jiwe mpaka lionekane wazi. Tafuta amonaiti, ganda lililojiviringisha na kugawanyika vyumba ndani, au vipande vya bua la krinoidi (mnyama wa baharini anayefanana na ua), vidogo, vya duara au umbo la nyota. Hivi viwili ndivyo ninavyoviamini, maana wanyama hao ni wa baharini tu. Konokono peke yake hatoshi. Wa ziwani wapo. Na amonaiti ina faida zaidi: aina zake zilibadilika upesi, kwa hiyo hubana umri wa tabaka vizuri.

Angalia pia magamba ya chaza. Yakiwa mazima, pande mbili zimeshikana, yalifukiwa upesi. Yakiwa yamevunjikavunjika, mawimbi yaliyachezea.

Kuchimba kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hata kama mwenye shamba amekubali. Piga picha yenye rula kabla hujagusa kitu, weka alama ya upande wa juu, na andika namba kwenye jiwe lenyewe. Mifuko huchanika safarini.